Mzee wa Vipimo na Fungu la Chombo

Kwetu Mafia mtu asipokusalimia, unajua kuna jambo. Umemkosea, au kakukosea yeye, au kuna maneno yamepita katikati. Unaweza kumkuta mtu kabeba ndoo mbili za maji, jasho linamtiririka, na bado atasimama akuulize habari za nyumbani, za watoto, za shamba, mpaka za mbuzi wako. Sasa mfikirie mtu mzima mwenye mvi, kanzu safi kila Ijumaa, anapita katikati ya watu macho chini kama anatafuta sindano iliyodondoka. Hasalimii. Ukimwanza wewe anaitika vizuri, tena kwa furaha, "Marahaba, marahaba mwenzetu!" Lakini kuanza yeye, haanzi.

Huyo ndiye Mzee wa Vipimo. Jina lake sitaliandika, na mwenyewe angependa hivyo. Alikuwa mtu wa maabara katika zahanati yetu, na mimi nilikuwa nauza chai na vitumbua nje ya geti. Miaka yote hiyo nilimjua kwa kikombe chake.

Watu walimwita mwenye kiburi. Mama mmoja muuza samaki alizoea kusema, "Yule kwa kuchungulia mikojo ya watu basi anajiona waziri!" Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi ni mtu wa kucheka, hilo nalisema mapema. Shule niliishia kidato cha pili, lakini ndoto sikuziacha kule darasani. Mpaka leo nataka mgahawa wangu kule Utende, viti vya bluu, kila meza na ua lake. Hata kwenye haya ninayoandika nitacheka pale panapochekeka, ingawa mengine nikiyakumbuka mwili unanisisimka.

Mtu mmoja tu alikuwa anamwanza kwa salamu, na mtu huyo ni mimi. "Binti Chai, hujambo?" Kila asubuhi. Siku moja nikamuuliza kwa nini mimi na si wengine. Akapuliza chai yake kwanza.

"Nikimsimamisha mtu sokoni nikamwuliza habari za nyumbani, yule aliyesimama naye atamwuliza, 'Huyu mnajuana wapi?' Mtu ataanza kubabaika. Akishababaika, siri yake imeshatoka nusu. Kwa hiyo nawaacha wote, mzima na mgonjwa. Anayetaka ataniita yeye."

"Na mimi?"

"Wewe kila mtu anajua tunajuana kwa chai."

Tangu siku ile nikawa namtazama anavyopita, na nikaona kazi ilivyo nzito. Kunyamaza katika kisiwa hiki! Kuna siku alipishana na rafiki yake wa tangu ujana, wote wawili wakatazama mchanga.

Majina ya watu nayo aliyaacha mlangoni. Kila mtu alikuwa "mwenzetu". Mwenzetu wa asubuhi, mwenzetu wa kikohozi, mwenzetu mrefu. Lakini usidhani alikuwa mtu wa kimya. Umbea wa mpira aliupenda kuliko wanawake wa kisimani wanavyopenda wao wa harusi. Kocha gani kagombana na nani, mchezaji gani kanenepa, yote anayo. Ukimuuliza habari ya mtu wa mtaa wa pili anakwambia chai ina tangawizi nyingi.

Mikono aliinawa mpaka ngozi ikapauka, ila kikombe chake cha bati alikataza kisiguswe na sabuni. "Sabuni inaua chai." Na yeye aliyeshinda kutwa na vijidudu vya kila aina, ukimwonyesha mende anapanda juu ya kiti. Kweli kabisa. Nilimuona kwa macho yangu, miwani imekaa upande, anapiga kelele, "Mtoe! Mtoe kwanza!"

Nikamwambia, "Mzee, huyu si anaonekana? Wewe si unapambana na wasioonekana?"

"Wale hawaniparamii mguuni," akasema, bado yuko juu ya kiti.

*

Mchana mmoja wa mvua, wagonjwa hakuna, alinifungulia mlango wa maabara. Sisi sote tulisema darubini. Yeye alisema hadubini, tena kwa adabu, kama anamtaja mama mkwe.

"Funga jicho moja. Hapana, usilibane hivyo kama umelamba ndimu."

Nikachungulia. Niliona uwanja wa rangi ya waridi, madoa makubwa kama mawingu, na ndani ya mawingu punje ndogo ndogo, mbili mbili, zimeegemeana tumbo kwa tumbo kama nusu mbili za buni.

"Hicho ndicho kisonono," akasema.

"Vidogo hivi?"

"Vidogo hivi. Na vinawaliza wanaume wenye vifua kama mlango wa msikiti."

Aliniambia wale wamekufa, kawapitisha motoni na kuwatia rangi. Kisha akaweka kioo kingine, na humo mlikuwa na kitu hai. Kama tone lenye vinywele kwa mbele, kinajitikisa, kinakwenda, kinarudi, mithili ya mtu aliyepoteza kiatu chake harusini. Trikomona, alikiita. Nilicheka mpaka nikashika meza. Nikainua uso nimwambie namna kinavyocheza, nikaona yeye hacheki.

"Huyu simwogopi," akasema. "Huyu anajionyesha. Kisonono naye namwona. Kaswende yeye ni mwembamba mno, amejisokota kama skrubu, kioo changu hakimshiki; namkamata kwa alama anazoacha kwenye damu. Anatoa kidonda, hakiumi, kinakauka chenyewe, mtu anamshukuru Mungu. Kumbe mgeni hajatoka, ameingia chumba cha ndani. Halafu kuna klamidia. Huyo anaingia ndani ya seli ya mtu na kujifungia. Hapa sina kipimo chake. Anakaa ndani ya mwanamke kimya, haumi, hawashi, anaziba njia ya uzazi taratibu. Bado hujafika kwa virusi, ambao hata wakubwa wa hawa wanawaona wadogo."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilitazama vile vioo vilivyopangwa, kila kimoja na mtu wake asiyetajwa, nikahisi kama kisiwa kizima kimelala pale mezani.

Alikuwa na neno lake moja, alilirudia kila mara: "Mniombee mwenye maumivu. Mwenye maumivu anakuja." Mwanzoni sikulielewa. Nilikuja kulielewa kwa mama mmoja aliyekuwa anakaa kwenye benchi langu, mimba zake zilikuwa zinaharibika. Nyumbani kwake walisema shetani. Walimwandikia kombe, akanywa maandishi ya zafarani mpaka midomo ikawa ya njano. Wengine pale zahanati walimcheka. Mzee wa Vipimo hakumcheka. Yule mama mwenyewe alinisimulia kwamba damu yake ilikutwa na kaswende, na alichoambiwa: "Kombe unywe, mama, ni dua. Na sindano uchome. Na mumeo naye achome."

Mume akasema shetani hachomwi sindano, na yeye hana shetani wala haumwi popote.

Akashika mimba tena. Kabla mwaka haujageuka nilimwona mume yule akipita mbele ya geti, amebeba bunda dogo jeupe mikononi, wanaume wachache nyuma yake. Mzee wa Vipimo alikuwa amesimama dirishani. Siku ile kikombe chake kilipoa, inzi wakakinywa.

*

Mume wangu ni Hassani, baharia. Wakati ule alikuwa anakwenda dago, yaani wanaume wanahama na chombo chao, wanapiga kambi ng'ambo kwa majuma, wanavua na kuuza hukohuko, kisha wanarudi. Mimi nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, imeshaanza kucheza. Kliniki ya wajawazito nesi alinitoa damu: kaswende hakuna, Ukimwi hakuna. Nilitoka pale naimba. Nilishamchagulia mtoto kazi, awe nahodha wa meli kubwa, mwenye kofia.

Hassani alirudi kutoka dago na ngonda, wale samaki wa kukausha, na vichekesho. Tukakaa kula. Akaanza kunisimulia habari ya mwenzao mmoja aliyewaka moto kwenye mkojo.

"Analia kama mtoto! Akaenda duka la dawa hukohuko ng'ambo, akarudi na vidonge vya rangi mbili, dozi nzima. Nahodha akasema, aa, chombo kimoja hiki, baharia hali peke yake. Tukagawana."

"Mkagawana dawa?"

"Kama samaki, mke wangu! Nahodha mafungu mawili. Sisi fungu moja moja. Nyavu fungu lao. Chombo fungu lake."

"Chombo nacho kinaumwa?"

"Haki ya chombo ni haki. Fungu lake limewekwa kwenye kopo la maziwa, chini ya ubao wa mbele. Atakayeumwa mbele ya safari, dawa ipo."

Nilicheka jamani. Nilicheka kwa sababu niliwaona, wanaume wazima wamezunguka vidonge, nahodha anahesabu kwa uso ule wa siku ya kugawana kolekole. Kisha kicheko kikanikwama.

"Na wewe fungu lako ulilifanyaje?"

"Nililimeza."

"Ulikuwa unaumwa?"

Akachukua tonge, akaliweka chini. "Fungu halikataliwi."

"Sijakuuliza hilo, Hassani."

Kuku walikuwa wanaparura nje. Akawatupia lile tonge.

"Ilikuwa inawasha kidogo," akasema. "Ikaacha."

*

Asubuhi nilimsimulia Mzee wa Vipimo, sikutaja nani. Nilipofika kwenye fungu la chombo alicheka kweli kweli, akavua miwani akafuta macho. Halafu nikaona ananitazama mimi, anatazama tumbo langu. Akaweka kikombe chini.

"Wamewasomesha," akasema.

"Nani?"

"Wadudu. Ukiwapa dawa kidogo, wanyonge wanakufa. Wanabaki wenye nguvu, na hao ndio wanaozaana. Kuwasha kunaacha, mtu anadhani amepona. Anarudi nyumbani."

"Na mwanamke je, kama haumwi popote?"

"Wengi hawaumwi."

"Na mtoto?"

Alitazama geti, akatazama sufuria langu. Nikamwambia, "Mzee, mimi si mtoto mdogo." Ndipo akasema, polepole, "Anapozaliwa, akipita kwenye njia yenye kisonono, kinamwingia machoni. Asipowahiwa, anaweza kupofuka."

Kitumbua kiliungua, nikakiacha kiungue.

"Njoo na mwenzio," akasema. "Usije peke yako. Nikitibiwa wewe tu, ni kufagia chumba mlango uko wazi na upepo unavuma." Hata kusema alikosea kwa wasiwasi, alijiweka yeye mahali pangu.

Nikamuuliza, "Na wale wengine wa chombo, wameshawahi kuja kwako?"

"Leo umeweka tangawizi nyingi," akasema, akaingia ndani.

Hassani alikuwa mgumu. Chombo kilikuwa kinatoka siku ileile, maji mazuri.

"Nikapimwe nini, na mimi siumwi?"

"Hata mimi siumwi."

"Watu wakiniona pale?"

"Watakuona umekuja kunywa chai kwa mkeo. Kwani chai yangu ina aibu?"

Akacheka kidogo, na mimi nikalia, na nadhani ni kule kulia kulikompeleka. Nahodha hakumsubiri. Nafasi yake alimpa Salumu, kijana wa jirani yetu, aliyekuwa na hina ya harusi bado vidoleni.

Ndani ya chumba kile Mzee wa Vipimo alikuwa mtu mwingine. Alitusalimia salamu ndefu, za wazee hasa. Bibi hajambo? Miguu yake je? Minazi ile iliyoanguka na upepo mmeipanda tena? Salamu zote alizowanyima watu barabarani alikuwa anazimwaga mle ndani. Hassani, aliyekuwa amekakamaa kama nguzo, mabega yakashuka.

Majibu tulipewa na daktari. Kisonono, kwangu na kwake. Tukachomwa sindano na kupewa vidonge, na daktari akatukataza tusivigawane na yeyote, hata chombo. Hassani hakuinua macho. Njiani nilimwambia maneno makali ambayo mengine sitayaandika; nyumbani nikampikia.

Kesho yake nilifungua biashara kama kawaida. Benchi limejaa. Nikamwona anakuja na kanzu yake, na mkono wangu ukaenda kwenye kikombe cha bati. Nikasubiri "Binti Chai, hujambo?"

Akapita. Macho chini, kwenye mchanga.

Nilisimama na kile kikombe. Nilijua kwa nini, alishaniambia mwenyewe, mzima na mgonjwa. Sasa nilikuwa mmoja wa watu wake na ilibidi anifiche. Watu wa benchi wakaanza kutazamana. Nikavuta pumzi, nikaita kwa sauti ya mnadani:

"Shikamoo Mzee wa Vipimo! Chai yako inapoa!"

Akasimama. Akageuka taratibu, na sijawahi kumwona mtu akifurahi vile huku amehuzunika.

"Marahaba, marahaba mwenzetu!"

Mwenzetu. Akarudi, akakaa, akanywa.

*

Tuliporudi kupimwa mara ya pili, mimi nilikuwa safi. Kioo cha Hassani, Mzee wa Vipimo alikikalia muda mrefu. Akakitoa, akachukua kipya, akatengeneza upya tangu mwanzo. Aliporudi kwetu hakusema neno la mpira wala la minazi. Walikuwemo bado, mbili mbili, ndani ya mawingu yao. Na sisi tulikuwa tumekaa kwa kujizuia kama tulivyoagizwa, kwa hiyo hakuna pa kusema wametoka kwingine. Sindano ile haikuwamaliza.

Daktari akapiga simu hospitali kubwa. Dawa nyingine ikachelewa. Siku zile tumbo langu lilikuwa linakua mbele ya macho yangu kama mtu anayekuja barabarani na hujui analeta habari gani. Nilikuwa naota mtoto kazaliwa na kofia yake ya unahodha, nikimfunua uso, kope zimegandana. Hassani alikwenda pwani chombo kiliporudi, akamweleza nahodha yote, mbele ya wenzake, bila kuona haya. Nahodha akamsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia, "Pole. Lakini dawa si ipo kwenye kopo?"

Dawa ya pili ilikuja, Hassani akatibiwa, kioo kikatoka safi. Mimi nikapimwa tena, safi. Mzee wa Vipimo alipotuambia alikuwa anafunga sanduku lake. Miaka yake ya kazi ilikuwa imekwisha, anastaafu.

Mtoto alizaliwa, wa kike, analia vizuri. Nesi akampaka mafuta ya macho. Nami nikamtazama macho yale asubuhi, mchana, jioni, mpaka mama akaniambia nitayachosha. Siku ya saba jicho la kushoto likaamka na tongotongo. Kidogo tu. Nilimfunga kwenye kanga, na miguu yangu badala ya kunipeleka zahanati ikanipeleka kwa Mzee wa Vipimo, upande wa Miburani, nyumba yenye ukumbi wa makuti.

Alikuwa ameketi kwenye mkeka. Amekonda. Nikaanza kulia kabla ya shikamoo.

"Sina hadubini hapa," akasema. "Mimi sasa ni mzee tu."

"Mwangalie hivyohivyo."

Akanawa mikono, akaikausha. Akalitazama jicho kwa muda: halikuvimba, halikuwa jekundu. Kisha akaingia ndani, akatoka na kipande kimoja cha kioo, kile chembamba cha maabara, sijui alikichukua kwa kumbukumbu. Akakigeuza juani. Doa dogo la mwanga likatua ukutani, karibu na uso wa mwanangu. Akalisogeza kidogo tu, na mwanangu akageuza macho. Akalirudisha, na mtoto akarudi nalo, akilifuata kama mlevi, lakini analifuata.

"Analiona," akasema. "Lakini leo hii, ukitoka hapa, mpitishe zahanati. Ahadi?"

"Ahadi, mzee."

Wakati huo wanaume wa chombo walipita njiani, wanakwenda pwani na madumu yao ya maji, wanataniana. Salumu, yule wa hina ya harusi, alikuwa nyuma, dumu begani. Na Mzee wa Vipimo, ambaye miaka yote alitazama mchanga, akanyanyua kichwa.

"Assalaam alaykum, wanangu!"

Walishtuka. Mmoja akamgusa mwenzake kiwiko. "Alaykumu salaam, mzee! Leo umetukumbuka?"

"Simameni kidogo. Salumu, njoo hapa mwanangu, nina neno."

"Nikirudi, mzee! Tunawahi maji!"

Wakaenda. Vicheko vyao vilisikika mpaka kwenye minazi. Yeye aliendelea kutazama kule walikopotelea.

"Lile kopo bado lipo?" akaniuliza.

"Lipo. Hassani anasema wameliongeza."

Kile kioo bado kilikuwa kwenye vidole vyake, naye alikuwa anakigeuzageuza bila kukitazama. Doa la mwanga likawa linarukaruka ukutani, juu, chini, pembeni, na mwanangu analifuata.